Tuambieni Saa: Barua ya Wazi kwa Wenye Vituo, Stesheni na Viwanja vya Ndege

Kwenu wakuu mnaosimamia vituo vya mabasi, stesheni za treni na viwanja vya ndege. Kwenu mnaopanga ratiba. Na kwenu mnaowapa wahudumu maneno ya kututangazia sisi abiria.

Nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni kijana wa miaka 26, na maisha yangu yako njiani. Nilisoma mji mmoja, kazi nimeipata mji mwingine, na watu ninaowapenda wanaishi mji wa tatu. Nimelala kwenye viti vya chuma. Nimepiga mswaki alfajiri kwenye vyoo vya stesheni, nimebanana na wanaume wanaonyoa ndevu kwenye kioo kimoja. Nimesimuliwa habari za wajukuu wa watu ambao mpaka leo majina yao siyajui. Napenda kusafiri. Napenda ile dakika injini inapowaka, mazungumzo yakakatika, na kila mtu akajiweka sawa kwenye kiti chake. Kwa kuwa napenda, nimeona niwaandikie.

Nina ombi moja. Chombo kikichelewa, tuambieni kwa nini kimechelewa na kitaondoka saa ngapi. Kama saa bado hamjaijua, semeni hamjaijua, kisha mtaje saa ya kurudi kutupa habari. Ni hilo tu.

Niwasimulie usiku mmoja. Basi letu lilikuwa la saa mbili na nusu. Ilipotimu saa tatu halijaonekana, tukaenda kaunta kuuliza. Mhudumu akatujibu bila kuinua macho, "Sasa hivi linaingia." Tukarudi kukaa. Pembeni yangu alikuwa mama mtu mzima mwenye begi la nguo na blanketi la mtoto lililofungwa kwa kamba, zawadi ya kitukuu aliyekuwa anakwenda kumwona kwa mara ya kwanza. Akaniinamia, akaninong'oneza: "Mwanangu, nikienda msalani, likija je?"

Nikamwambia, "Nenda mama, nitakuangalizia mzigo. Likija nitawaambia wakusubiri."

"Wanisubiri mimi?" Akatikisa kichwa, akakaa.

Saa tatu na nusu akauliza mwenyewe. Akaambiwa dakika tano. Saa nne akaambiwa liko getini. Saa nne na robo, dakika tano tena. Nilihesabu: zile dakika tano alipewa mara saba. Muda wote alikaa magoti yamebanana, tiketi ameikunja mara nne kiganjani, mpaka wino ukaanza kuhamia kwenye vidole vyake. Mimi na dada mwingine tulijitolea kumsindikiza, akakataa. Nauli aliikusanya kwa miezi, hakuwa tayari kuiweka rehani kwa ajili ya maneno yetu wawili tusio na cheo chochote pale. Basi liliingia saa sita kasoro dakika kumi.

Hebu zipigieni hesabu saa zile. Lau saa tatu angeambiwa, "Mama, basi limekwama, litafika karibu na saa sita," angekwenda msalani kwa utulivu, akarudi, akajinyoosha, akasinzia. Asingelipenda jibu hilo. Lakini saa zile tatu zingekuwa zake. Badala yake alifungwa pale kwenye benchi kwa neno moja.

Nimelifikiria sana neno lenyewe. "Sasa hivi" lina sura ya upole, na naamini wahudumu wengi wanalitamka kwa nia njema, wanataka kututuliza. Lakini mtu aliyeambiwa sasa hivi hana ruhusa ya kufanya lolote. Anayetakiwa kula kwa saa maalumu kwa sababu ya dawa ya kisukari hajui achome sindano au asubiri. Mwenye mtoto mchanga hajui amwamshe amnyonyeshe au amwache alale. Mwenye simu inayokaribia kuzima anaiona soketi kule mwisho wa ukumbi, hatua hamsini tu, na hathubutu kuzipiga.

Na upande wa pili wa safari kuna mtu. Mara nyingi kwangu mimi ni ndugu yangu, amesimama nje usiku na pikipiki aliyoiazima. Ananipigia: "Umefika wapi?" Nimpe jibu gani? Nimepewa "sasa hivi", nami nampa "sasa hivi", naye anazidi kusimama. Jibu la kaunta linasafiri haraka kuliko mimi, linafika kwa watu wangu kabla yangu, na linawatesa.

Kila aliyewahi kusubiri langoni ameliona jambo hili. Mtu mmoja anasimama kujinyoosha mgongo. Wa pili anamwona, anasimama na kushika begi. Wa tatu hata haulizi. Haijapita dakika, foleni ya watu arobaini imejipanga mbele ya mlango uliofungwa, na yule wa kwanza, akishamaliza kukaza mkanda wake, anageuka anakuta amekuwa kiongozi wa msafara. Watu huangua kicheko, nami hucheka nao. Vicheko vya namna hii ndivyo vinavyonifanya niwapende wasafiri.

Halafu kuna uvumi. Pasipo na tangazo, abiria hutangaziana wenyewe. Saa ya kwanza dereva anaumwa tumbo. Saa ya pili dereva amelazwa. Saa ya tatu dereva hatunaye tena duniani, na yupo mtu ambaye shemeji yake aliishuhudia ajali. Mara dereva huyo anaingia, mzima wa afya, chupa ya maji mkononi, na ukumbi mzima unamtazama kama aliyefufuka. Nimecheka sana siku hiyo. Lakini mbele yangu kulikuwa na binti ambaye kwa saa nzima alikuwa akilia, kwa sababu mchumba wake alikuwa ndani ya basi hilo hilo lililokuwa linakuja.

Mwaka 1985 mtaalamu mmoja, David Maister, aliandika kuhusu watu wanavyohisi wakiwa kwenye foleni. Alieleza kwamba kusubiri usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kusubiri unakojua mwisho wake, na kwamba kusubiri kusikoelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kulikoelezwa. Yule mama asingehitaji kusomewa hayo. Nayataja ili mjue kwamba ninachokiomba hakikuzuliwa jana; wanaofundisha uendeshaji wa huduma wamekuwa wakikifundisha tangu kabla sijazaliwa.

Wapo waliojifunza somo hilo nusu. Kinasimuliwa sana kisa cha uwanja wa ndege wa Houston, Marekani. Abiria walikuwa wanalalamika kwamba mizigo inachelewa kufika. Wakuu wakaongeza wapakuaji, muda ukapungua, malalamiko yakabaki. Mwishowe wakazisogeza ndege kwenye milango iliyo mbali na mkanda wa mizigo, abiria wakawa na mwendo mrefu wa miguu, na kwa kuwa walikuwa wanatembea hawakuhisi kwamba wanasubiri. Malalamiko yakaisha. Wengi wanausifu ujanja ule. Mimi siukubali. Kwa kijana wa miaka 26 kutembea si kitu, lakini mtu mwenye goti bovu ametembezwa ili asinung'unike. Muda uliofichwa kwenye miguu yetu ni muda wetu vilevile. Mngetuambia tu, "Mizigo itatoka baada ya dakika nane," tungekaa.

Na nyinyi wa treni, niwakumbushe urithi wenu, kwa sababu naupenda. Kabla ya reli, kila mji ulikuwa na saa yake, kwa kadiri jua lilivyopita juu yake. Kule Uingereza, Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika 10 hivi, na halikuwa jambo la kumkosesha mtu usingizi. Gari la farasi halikuwa na habari na dakika 10. Treni zilipokuja, dakika hizo zikawa ndizo kupanda au kuachwa. Mwaka 1840 reli ya Great Western ikaanza kutumia saa ya London, na mwaka 1847 kampuni za reli za Uingereza zikahimizwa kwa pamoja zifuate saa hiyo moja. Tarehe 18 Novemba 1883 reli za Marekani na Kanada zikagawa bara lao kwa kanda za saa. Mwaka uliofuata wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, na mkutano wao ukauchagua mstari wa longitudo unaopita Greenwich, London, uwe chanzo cha kuhesabia saa za dunia. Bristol, kwenye jengo la Corn Exchange, mpaka leo kuna saa yenye mishale miwili ya dakika, mmoja wa mji na mmoja wa treni.

Maana yake, wakuu, saa hii tunayoishi nayo wote imetokana na kazi ya watu kama nyinyi. Mlihitaji watu wafike kwa wakati, na ulimwengu ukarekebisha saa zake uwafuate. Mpaka leo mnaturudisha mlangoni tukichelewa dakika moja, na mna haki, maana aliyewahi hawezi kumsubiri asiyewahi. Ahadi ni deni. Tunachotaka ni deni hilo lihesabiwe pande zote mbili.

Inawezekana. Novemba 2017 huko Japani, treni moja ya Tsukuba Express iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati wake, na kampuni ikatoa tangazo la kuomba radhi. Watu wengi duniani walilichukulia kama kichekesho. Mimi niliguswa. Treni za njia ile hupita kila baada ya dakika chache, na hakukuwa na abiria aliyelalamika. Lakini mtu fulani ofisini alijua kwamba saa iliyoandikwa kwenye ubao ni neno walilowapa watu, na akalichukulia hivyo.

Sheria nazo zipo, ingawa hazipo kila mahali. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 181 ya mwaka 2011 inayohusu abiria wa mabasi, iliyoanza kutumika Machi 2013. Inasema kwamba basi la safari ndefu likichelewa kuondoka kituoni, abiria waambiwe mapema iwezekanavyo, na isipite dakika 30 tangu saa iliyopangwa. Saa mpya ikijulikana, nayo watajiwe. Nusu saa. Mama yule alikaa zaidi ya saa tatu. Kwa ndege, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inataka pabandikwe kaunta tangazo la kumjulisha abiria kwamba ndege ikichelewa saa mbili au zaidi aombe maandishi ya haki zake. Humo humo mna kipengele ninachokipenda kuliko vyote: abiria aliyekwama apewe bure simu mbili, au teleksi, au faksi, au barua pepe. Aliyekiandika alimkumbuka ndugu yangu na pikipiki yake. Na Mkataba wa Montreal wa 1999, unaotumika katika nchi nyingi duniani, unamfanya mchukuzi awajibike kwa hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa akithibitisha kwamba alichukua kila hatua inayofaa kuizuia.

Sijazitaja sheria hizi ili mtulipe. Pesa si ombi langu. Nimezitaja ili asije mtu akasema haiwezekani kupanga jambo kama hili.

Naomba pia nieleweke vizuri: siwaombi mharakishe. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ilipolipuka Iceland, majivu yake yakafunga anga ya Ulaya kwa siku kadhaa, safari kama 100,000 zikafutwa, na mtu mwenye akili hakumlaumu rubani. Machi 1977, kwenye uwanja wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana katika ukungu wakati moja ikianza kuruka bila idhini, wakafa watu 583. Uchunguzi ulitaja pia hofu ya rubani kwamba muda halali wa kazi yao ulikuwa unawaishia. Kwa hiyo tairi likitiliwa shaka, libadilisheni. Dereva akichoka, mpumzisheni. Tutasubiri, tena kwa moyo mweupe. Subira tunayo. Ila subira ni kitu mtu anachokitoa mwenyewe akishajua anasubiri nini. Asipojua, anakuwa ameshikiliwa tu.

Na mara nyingi mnajua. Hapa ndipo panaponiuma. Sababu kubwa ya ndege kuchelewa ni kwamba ile ndege yenyewe imechelewa kule inakotoka, na hilo linajulikana saa kadhaa kabla. Ndege za abiria hutangaza mahali zilipo kwa mawimbi ya redio, na mtu yeyote mwenye kipokezi anaweza kuyanasa. Nimewahi kukaa langoni nikaitazama ndege yangu kwenye simu, bado iko angani, umbali wa saa mbili, huku ubao juu ya kichwa changu umeandika "Kwa wakati". Nilimwonyesha dada wa langoni ile simu. Akaangalia, akaangalia ubao, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, mimi naruhusiwa kusema kilichoandikwa pale." Sikumkasirikia. Alikuwa amefungwa kama sisi.

Hata begi langu lina nafuu. Begi likipokelewa linapewa namba ya tarakimu 10, na tangu Juni 2018 mashirika wanachama wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yanatakiwa kujua lilipo katika hatua nne: linapopokelewa, linapopakiwa, linapohamishwa na linaporudishwa kwa mwenyewe. Kazi nzuri. Naomba mwenye begi naye apewe hatua zake: chombo kimetoka, kiko hapa, kinafika saa fulani.

Kuhusu vipaza sauti. Vinakwaruza, vinakata, na kati ya sentensi nzima neno linalofika likiwa kamili ni "mara moja". "Abiria wa... mnaombwa... namba... mara moja." Ukumbi mzima unasimama na kutazamana. Safari moja nilikaa na kijana kiziwi, tukawa tunaandikiana kwenye simu. Nikamuuliza anajuaje kwamba ameitwa. Akaniandikia: "Natazama miguu ya watu. Ikienda, naenda." Tangu siku hiyo nikisikia tangazo naangalia kwanza kama pana ubao ulioandika maneno hayo hayo. Mara nyingi hakuna. Jambo likitangazwa, liandikwe. Likiandikwa, liandikwe kwa herufi ambazo bibi mwenye miwani anaweza kuzisoma akiwa kwenye kiti chake.

Na kwa wanaochapa tiketi, neno moja la haraka. Safari ya 00:20 tarehe 15 inaondoka ule usiku wa tarehe 14. Nimemwona baba akifika uwanjani usiku wa tarehe 15, suti ya harusi ya mwanawe imening'inia begani ndani ya mfuko wa plastiki, akaambiwa ndege yake imeondoka jana. Alisoma tarehe, akaiamini. Kiswahili kina neno tayari kwa shida hii: kuamkia. "Usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne." Litieni kwenye tiketi. Halina gharama, na yule baba angekuwepo harusini.

Nimalizie na kituo kingine, kidogo, cha mabasi manne tu kwa siku. Tulikuwa tunasubiri basi la saa kumi jioni. Ilipofika saa kumi na robo, dada wa ofisini, wa umri wangu hivi, alitoka na kifuniko cha boksi na kalamu nene. Akapiga magoti pale pale sakafuni, akaandika:

"Basi la saa kumi limepasuka rejeta njiani. Lingine limetumwa. Litafika saa moja na nusu usiku. Nitarudi hapa saa kumi na mbili kuwaambia limefika wapi."

Akaliegemeza boksi kwenye kiti, akasimama kando yake. Watu wakaguna. Mzee mmoja alimfokea kwa maneno makali, akasema ana kikao kesho asubuhi, akasema hawa watu hawajali. Dada alisimama akamsikiliza mpaka akamaliza, akamwambia, "Samahani, baba. Kweli tumewachelewesha." Hakuongeza kitu.

Basi, kituo kikabadilika. Niliona kwa macho yangu. Watu waliokuwa wamejikunja kwenye mabenchi wakanyooka kama mikeka inayokunjuliwa. Kina mama wakaenda msalani wawili wawili. Vijana wakaifuata soketi. Mtu akapiga simu, nikamsikia anasema, "Usije saa hizi, njoo saa tano, kapumzike kwanza," na mimi nikampigia ndugu yangu nikamwambia hivyo hivyo, akarudi ndani kulala. Mtoto mmoja aliyekuwa analia kwa uchovu akalazwa juu ya kanga, akalala. Wanaume wawili wakaanza kucheza bao kwa vifuniko vya soda, na mashabiki wao wakawa na kelele kuliko injini.

Saa kumi na mbili kamili dada akarudi. Akafuta "moja na nusu", akaandika "moja na dakika arobaini na tano". Aliyemshikilia lile boksi lisiteleze akiandika ni yule mzee aliyemfokea. Basi lilifika saa moja na dakika hamsini. Sikusikia mtu akinung'unika, tukapanda, tukaenda.

Dada yule sijui jina lake. Sijui kama mkubwa wake alimpa ruhusa au aliamua mwenyewe, na hilo ndilo linalonifanya niandike kwenu badala ya kuandika kwa wahudumu. Mhudumu anayesema "sasa hivi" mara nyingi anaogopa. Anaogopa kutaja saa halafu isitimie, akaitwa ofisini. Anaogopa kufokewa na watu themanini akiwa peke yake. Mwondoleeni hofu hiyo kwa maandishi, kwa saini zenu: kwamba anaruhusiwa kusema "limeharibika", anaruhusiwa kusema "sijui", anaruhusiwa kukadiria saa na kuirekebisha, na hataadhibiwa kwa kuwa mkweli kwa abiria. Kisha mpeni simu inayopokelewa upande wa pili, ili dereva aliye njiani amwambie yuko wapi. Mkiweza kununua mbao za umeme, nunueni. Msipoweza, kalamu na boksi vipo.

Na mje mkae nasi siku moja, bila gari la ofisi na bila chumba cha wageni maalumu. Kateni tiketi kama sisi, mkae kwenye benchi kuanzia saa mbili na nusu usiku, muulize kaunta, mpokee jibu tunalopokea.

Usiku wa leo, katika kituo fulani, kuna mama ameketi na tiketi yake kiganjani, wino unahamia kwenye vidole vyake. Mtu atoke kaunta amwambie ni saa ngapi, ili aende msalani.

Wenu katika safari,
Abiria